Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya au Usambara hadi pwani: likizo yako ya miguu uipeleke wapi?

Mwaka nilioshindwa Kilimanjaro, miguu haikuwa na tatizo lolote. Nilijifua miezi mitatu kwa ngazi za ofisini, na Jumamosi nikitembea kutoka Kimara hadi Kibaha huku makondakta wa daladala wakiniita niingie, nami nikiwapungia mkono kama mwendawazimu. Nilipokosea ni kwenye hesabu. Nilinunua safari ya siku tano, njia ya Marangu, kwa sababu tu bei yake ilikuwa chini kuliko ya siku saba. Saa tisa usiku, katikati ya ile changarawe inayopandisha Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, nilitapika uji wote, kisha nikaanza kumwona mwongozaji ana vichwa viwili. Alinishika begani akasema, "Kaka, mlima hauhami. Tushuke." Tukashuka.

Tangu hapo nimerudi Kilimanjaro na kufika, nimepanda Meru mara mbili, nimevuka Mlima Kenya na marafiki wa Nanyuki, na kila nikipata nafasi hutembea Usambara, ambako ndiko kwa mama yangu, kisha nateremka mpaka baharini. Kwa hiyo likizo ikikaribia simu hulia: "Bwana, nina wiki moja tu, niende wapi?" Hapa nimezipanga safari hizo nne kwa vipimo vilevile. Zote ni za kulala porini au vijijini siku kadhaa, zote unatembea na mwongozaji, na kila moja ina mtu wake.

Vipimo kwanza, majina baadaye

Cha kwanza ni usiku. Watu huhesabu siku, lakini mwili unauzoea mlima ukiwa umelala. Kileleni Kilimanjaro, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam au Mombasa. Madaktari wa milimani wana kanuni yao: ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali unapolala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne weka usiku mmoja wa ziada palepale ulipo. Waongozaji wana yao fupi zaidi: panda juu, lala chini. Ukipewa ratiba ya safari yoyote, achana kwanza na picha za machweo, tafuta namba za mita za kila kambi. Hizo ndizo zitakazokwambia kama utafika au utatapika uji.

Cha pili ni malazi. Kibanda chenye vitanda vya ghorofa ni kikavu, ila usiku utasikiliza mikoromo ya mataifa yote. Hema ni lako peke yako, lakini mvua ikinyesha siku mbili mfululizo kila kitu kinanuka soksi.

Cha tatu ni watu utakaotembea nao: mwongozaji, mpishi, wapagazi, askari wa hifadhi. Cha nne ni mfuko. Raia wa Tanzania na wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi za Tanzania kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha mgeni kutoka nje, kwa hiyo usitishwe na bei za dola unazoziona mtandaoni. Mwambie mwandalizi mapema kuwa una kitambulisho cha taifa au pasipoti ya nchi ya Afrika Mashariki, halafu umwombe akutenganishie viingilio, mishahara ya watu, chakula na usafiri. Akikataa kutenganisha, tafuta mwingine. Cha tano ni macho: unataka kuona nini?

Msimu sitaurudia kila mara, maana unakaribiana kote. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni matope na mawingu. Novemba vuli inaleta mvua za mchana. Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ya kupanda. Pwani, Januari na Februari joto linachosha. Kuanzia Juni kusi ikivuma, kambi ya ufukweni inapoa na mbu wanapungua kiasi.

Mlima Meru: siku nne, vibanda

Usiku na mita. Unaanzia geti la Momella, kama mita 1,500. Usiku wa kwanza unalala Miriakamba, mita 2,514. Wa pili unalala Saddle, mita 3,570. Umeona? Kitanda kimepanda zaidi ya mita 1,000 kwa usiku mmoja. Hiyo kanuni ya madaktari hapa inavunjwa, na ndiyo maana pale Saddle utakuta watu wazima wamekaa nje ya kibanda wameshika vichwa. Dawa yake ni kutolala mchana ule ukifika. Kunywa chai, kisha panda Meru Ndogo, mita 3,820, ukae juu nusu saa, urudi kulala. Watu wengi huruka hatua hii kwa uchovu, halafu wanaijutia saa nane usiku.

Usiku wa kilele ni mgumu kuliko jina la mlima linavyoonyesha. Meru ina mita 4,566, na watu huiita "mazoezi ya Kilimanjaro", jambo linalowaudhi waongozaji wa Arusha, na wana haki. Kutoka Saddle unapanda karibu mita 1,000 ukitambaa juu ya ukingo wa kreta. Upande mmoja ni mteremko wa majivu, upande mwingine ni shimo. Kuna sehemu za mwamba ambapo utaiweka fimbo pembeni na kutumia mikono. Gizani huoni kina chake, na nadhani ni afadhali. Alfajiri ndipo unaiona koni ya majivu imekaa chini ndani ya kreta kama kichuguu, na kwa mbali Kilimanjaro imeelea juu ya mawingu.

Malazi. Vibanda vya mbao vyenye vitanda vya ghorofa na ukumbi wa kulia. Huna haja ya hema.

Watu. Meru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na askari wa hifadhi mwenye bunduki hutembea nanyi kwa sababu ya nyati na tembo. Siku ya kwanza, kabla hujaingia msituni, unapita uwanda wa nyasi ambapo twiga wanakutazama kwa dharau. Wapagazi wanaishia Saddle, kilele mnakwenda na mwongozaji na askari.

Mfuko. Siku chache, watu wachache, hakuna mahema. Kati ya milima mitatu ninayoizungumzia, kwa Mtanzania hii ndiyo inayoumiza mfuko kidogo zaidi.

Macho. Msitu wenye mbega, mtini mkubwa ambao shina lake limefanya tao hadi watu wanapita chini yake, na kreta. Na faragha: kuna siku utakuwa kileleni, kwenye Kilele cha Ujamaa, na watu wasiozidi kumi.

Inamfaa mwenye wiki moja ikiwa na siku mbili za kusafiri, asiyeogopa kimo, anayetaka mlima kamili bila umati. Haimfai mwenye kizunguzungu akisimama roshani ya ghorofa ya tano. Nasema bila utani: mwenzetu mmoja, mpiga mpira hodari, alikaa chini Rhino Point akagoma kusonga mbele wala nyuma mpaka kulipopambazuka.

Mlima Kenya: siku tano, kuingia Sirimon na kutokea Chogoria

Usiku na mita. Njia ninayoipendekeza inaingilia Sirimon upande wa Nanyuki na kutokea Chogoria upande wa mashariki. Usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300. Wa pili Shipton's, mita 4,200, na hapo unakaa usiku wa pili wa kuzoea. Huo usiku wa ziada usiuuze kwa bei yoyote. Kisha saa tisa usiku mnaanza kupanda Point Lenana, mita 4,985. Vilele viwili vilivyo juu zaidi, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, ni vya wakwea miamba wenye kamba na mafunzo. Wewe na mimi tunaishia Lenana, na hakuna atakayekucheka.

Mlima huu unasamehe. Kutoka Shipton's hadi Lenana ni chini ya mita 800, wala huning'inii juu ya shimo. Yeyote aliyechukua ule usiku wa pili na kunywa maji ana nafasi nzuri.

Malazi. Upande wa Sirimon kuna nyumba za mawe na mbao zenye vitanda, za kawaida tu, baridi inapenya. Upande wa Chogoria ni hema. Pale Shipton's jihadhari na pimbi: wamenenepa kwa mikate ya wapandaji na wanafungua zipu za mabegi kwa ustadi ambao sijauona kwa mtoto wa miaka mitatu.

Watu. Hairuhusiwi kuingia peke yako. Waongozaji na wapagazi wengi wanatoka vijiji vya chini ya mlima, kwa hiyo utakayemkodi Nanyuki huenda hakuzoea sana upande wa Chogoria. Muulize mara ngapi amepita huko. Nilifurahi kwamba yule wetu alisimama kila saa moja akituuliza mmoja mmoja, "Kichwa kiko aje?" na hakuridhika na jibu la "poa".

Mfuko. Hifadhi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na bei zake hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni. Mtanzania ahakikishe anahesabiwa kundi lipi kabla hajalipa amana. Kuvuka mlima kunaongeza gharama moja inayosahaulika: gari la kuwafuata upande wa pili, na barabara ya Chogoria ikilowa inataka gari la nguvu. Pia Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake tangu Juni 2020, kwa hiyo nunua chupa ya maji ya kudumu ukiwa bado mjini.

Macho. Hapa ndipo Mlima Kenya unapoiacha mingine mbali. Siku ya kushuka Chogoria unapita juu ya Bonde la Gorges, genge limeporomoka mamia ya mita, na chini kabisa Ziwa Michaelson limelala kimya kama sahani. Unapita lobelia na senesio zilizokupita kimo, zinazofunga majani yake usiku kwa ajili ya baridi na kuyafungua jua likitoka. Mwenzangu, mwalimu wa baiolojia, alibaki amepiga magoti mbele ya lobelia moja mpaka mpishi akaja kumwita chai ya pili.

Inamfaa anayependa njia kuliko kilele. Wenye watoto wakubwa wa sekondari, wapiga picha, na wale ambao hadithi ya "paa la Afrika" haiwasumbui.

Kilimanjaro: siku saba au nane, hema

Usiku na mita. Chagua njia kwanza. Marangu ndiyo pekee yenye vibanda, na unashukia ulikopandia. Ukiitaka, ichukue ya siku sita, yenye usiku wa pili Horombo, mita 3,720. Rongai inatoka kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, na ni kavu kuliko nyingine. Lemosho inaanzia magharibi na hutembewa kwa siku saba au nane. Machame ndiyo inayojaa watu, nami niliipita kwa siku saba.

Hesabu za Machame ni hizi: usiku wa kwanza mita 2,835, wa pili kwenye uwanda wa Shira mita 3,750 hivi. Siku ya tatu unapandishwa mpaka Lava Tower, mita 4,600, ule chakula cha mchana huku kichwa kinagonga, kisha unateremshwa kulala Barranco chini ya mita 4,000. Hiyo siku inachosha na watu huilaani, lakini ndiyo inayolipa. Usiku wa nne Karanga, karibu kimo kilekile cha Barranco. Wa tano Barafu, mita 4,673, na usiku huohuo mnaamka kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Unarudi kulala Mweka, mita 3,100. Ratiba ya siku sita inafuta usiku wa Karanga. Hilo ndilo punguzo lote la bei: wameuza usiku wako.

Usiku wa kilele ni saa sita au saba za giza, baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, mwendo wa kinyonga. Maji kwenye mrija yanaganda. Weka chupa kichwa chini ndani ya soksi, maana maji huanza kuganda juu.

Malazi. Mahema, na hema la kulia lenye meza na viti. Chakula ni kizuri kupita matarajio: supu ya maboga, ndizi, kuku siku za mwanzo. Tatizo ni hamu ya kula, ambayo inabaki nyuma kule Shira.

Watu. Nikae hapa kidogo, maana ndiko safari hii inakofanikiwa au kuharibika. Mpandaji mmoja anaweza kuhudumiwa na watu watano au sita: mwongozaji, mpishi, wapagazi. Wapagazi wenyewe hujiita wagumu. Mwongozaji wanamwita "gaidi", wakikusudia neno la Kiingereza guide, basi usiruke ukisikia "gaidi ameshaingia kambini". Mzigo wa mpagazi unapimwa, na haupaswi kuzidi kilo 20.

Barafu hakuna maji. Mto wa mwisho uko bonde la Karanga. Kila kikombe cha chai unachokunywa Barafu, kila bakuli la maji ya kunawa, kimebebwa kichwani kutoka huko chini. Nilimwona kijana mmoja anaingia kambini jioni na dumu la lita 20, ameliziba mdomo kwa mfuniko na kipande cha nailoni ili tone lisipotee, soksi ndani ya kandambili. Aliliweka chini taratibu kuliko mtu anavyomweka mtoto. Tangu hapo sijawahi kumwaga chai.

Katika ile safari yangu ya kwanza, ya bei poa, wapagazi waliachwa walale wamebanana sehemu yenye unyevu, na siku ya pili mmoja aliniomba biskuti. Niligundua nimenunua nafuu yangu kwenye tumbo lake. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: wapagazi wanakula mara ngapi kwa siku? Wanalala wapi? Wanalipwa kiasi gani, na lini? Tipu inagawanywa mbele ya watu wote? Mwandalizi mzuri anajibu bila kusita, na mwingine atakwambia "hayo usijali, mkuu". Jali.

Mfuko. Ndiyo ghali kuliko zote, hata kwa raia, kwa sababu ya siku nyingi na watu wengi. Ongeza tipu, na ukodishaji wa vifaa. Moshi mjini unapata vyote, koti la manyoya, begi la kulalia, geta za kukinga miguu, fimbo, tochi ya kichwani, ila nenda siku moja kabla ukayajaribu. Zipu ya begi la kulalia ikifa Moshi ni kicheko, ikifa Barafu ni msiba.

Macho. Siku saba unapita misimu yote: msitu wenye ndevu za kuvu, vichaka vya baridi, jangwa la mawe, barafu. Ukuta wa Barranco unaogopwa kuliko unavyostahili. Unapanda kwa mikono saa moja au mbili, na waliokuwa na wasiwasi hutoka juu wakicheka. Upweke usiutegemee. Mwezi wa nane Machame ni kama Kariakoo iliyohamia mawinguni, na kwa upande wa Marangu hata intaneti ilifikishwa Horombo mwaka 2022.

Inamfaa mwenye siku tisa au kumi za likizo, aliyeweka akiba mahsusi, ambaye kilele chenyewe kina maana kwake. Wapo wengi wa hivyo, na wana sababu: pale ndipo Alexander Nyirenda alipowasha mwenge na kupandisha bendera usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alikuja kwa ajili hiyo tu.

Usambara hadi pwani: siku saba, miguu kisha mchanga

Usiku na mita. Hapa hutapambana na oksijeni. Unaanzia Lushoto, kama mita 1,400, ukipita msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi, mpaka Mambo na Mtae kwenye ukingo wa milima. Siku nne za miguu, kila siku saa tano hadi saba. Siku ya tano ni basi: kutoka Mtae linaondoka alfajiri sana, usilale. Unateremka Mombo, kisha Muheza, kisha Pangani. Siku mbili za mwisho ni Hifadhi ya Saadani, ambako kambi iko ufukweni na unatembea porini ukiwa na askari wa hifadhi.

Usidanganyike kwamba bila mwinuko hakuna jasho. Vijia vya Usambara vinateremka bondeni na kupanda tena mara sita kwa siku, na udongo wake mwekundu ukilowa unateleza kama bamia. Magoti yangu yaliuma zaidi pale kuliko Meru.

Malazi. Mchanganyiko: nyumba za wageni, nyumba ya masista Rangwi ambapo maji ya moto yanakuja kwenye ndoo na mkate ni wa kwao wenyewe, hema Mambo, hema Saadani. Milimani usiku ni baridi, beba sweta. Pwani beba chandarua, maana malaria ipo, na Saadani kuna mbung'o: acha nguo nyeusi na za buluu nyumbani.

Watu. Mwongozaji wa Lushoto hakulindi na mlima, anakutambulisha kwa watu. Ukimpata mzuri utanywa chai nyumba tatu kwa siku, utajua nani anagombania mpaka wa shamba na nani, na utalishwa matunda damu mpaka umwombe aliyekukaribisha radhi. Hakikisha anajua Kishambaa na anajua njia za msituni, siyo barabara ya gari tu. Saadani ni jambo jingine: hapo kuna tembo, nyati na simba, basi utii ni kwa askari.

Mfuko. Miguu ya Usambara ni rahisi kwa pesa kuliko yote hapa, na nyingi inaingia moja kwa moja vijijini. Saadani inapandisha bei, hasa usafiri wa kuingia na boti ya Mto Wami. Kundi la watu wanne likigawana, linapumua.

Macho. Mtae asubuhi, ukiwa juu ya ukingo na nyika ya Mkomazi imelala mita elfu moja na zaidi chini yako, hewa inapanda kutoka chini ikiwa ya moto na mgongoni una baridi ya mlimani. Siku tatu baadaye umekaa mchangani Saadani, hifadhi pekee ya taifa Tanzania bara inayogusa Bahari ya Hindi, unakula samaki wa nazi, na nyayo za mnyama aliyepita usiku ziko kati ya hema lako na maji. Madete, upande wa kaskazini, kasa hutaga mayai. Ukibahatika na msimu utaona vitoto vikikimbilia baharini.

Inamfaa mwenye familia, mwenye presha aliyeambiwa na daktari asipande juu sana, mgeni kutoka ughaibuni anayetaka kuzungumza Kiswahili na watu badala ya kupiga nao picha, na yeyote asiyependa kuamshwa saa sita usiku. Haimfai anayehitaji cheti cha kuning'iniza ukutani.

Na Rwenzori?

Watu huniuliza. Sijafika, kwa hiyo siipangi pamoja na hizi. Ila waliotoka Kasese, Uganda, wote wanasema mambo mawili: mabuti ya mpira siyo utani, na Margherita, kilele chake, mita 5,109, inataka kamba na vyuma vya kukanyagia barafu. Siku saba au nane. Nitaandika nikirudi.

Ukibaki bado njia panda

Kama una siku nne na unaishi Arusha au Moshi, nenda Meru, na usiiruke Meru Ndogo. Kama una siku sita na uko Nairobi, Sirimon–Chogoria, ukihakikisha usiku wa pili Shipton's umeandikwa kwenye ratiba.

Kama pesa ya Kilimanjaro inatosha siku tano tu, subiri mwaka mmoja uongeze, au uchukue mlima mwingine kwa pesa hiyohiyo. Huo ndio ushauri wangu mmoja ambao sitaulegeza.

Kama mnakwenda na mtu mnayempenda ambaye hajawahi kulala hemani, anzeni Usambara. Nimeona uchumba ukivunjika Barafu kambini, nikiwa hema la jirani, na karatasi ya hema haizuii sauti.

Kama una ujauzito, ugonjwa wa moyo, au selimundu, mwone daktari kabla ya kulipa amana ya mlima wowote kati ya hii mitatu. Na popote utakapokuwa juu, mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, kuongea asiyoeleweka, au kuhema na kukohoa akiwa amekaa tu, msisubiri asubuhi. Mshusheni saa hiyohiyo, hata kama kilele kinaonekana.

Na kama, kama mimi, ulishashindwa mara moja, zichanganye. Nilipanda Meru kwanza, nikalala Usa River usiku mbili nikila ndizi nyama, kisha nikaingia Machame siku saba mwili ukiwa bado unakumbuka mwinuko. Uhuru nilifika saa moja kasorobo asubuhi, uji ukiwa bado tumboni.